Mkalimani wa viziwi na dawa iliyouzwa kwa jina lake

Saa mbili asubuhi, kwenye korido ya kliniki ya wajawazito, karani anatoka mlangoni na rundo la mafaili mkononi. Anaita jina. Hakuna anayenyanyuka. Anaita tena, safari hii kwa sauti ya mtu aliyechoka kabla siku haijaanza. Analichukua faili na kulichomeka chini kabisa ya rundo.

"Lirudishe juu," anasema mwanamke aliyekaa benchi la mbele. Hapandishi sauti.

Karani anamtazama. "Ameitwa, dada. Hayupo."

"Yupo. Ni huyu hapa pembeni yangu, na alifika hata dirisha lenu halijafunguliwa. Ni kiziwi, na wewe umemwita kwa mdomo."

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Imeandikwa juu ya faili kwa wino mwekundu. Niliiandika mimi, mbele yako."

Karani analigeuza faili, anasoma, anakohoa kidogo. Msichana mwenye mimba kubwa, aliyekuwa akiangalia mlango muda wote huo bila kujua kwamba ameshaitwa na kuzikwa chini ya rundo, anaguswa goti na kuambiwa kwa mikono: zamu yako.

Ndani, muuguzi anamgeukia mwanamke yule yule. "Mwambie apande kitandani."

"Mwambie mwenyewe, sista. Mtazame yeye. Mimi nitaweka mikononi."

Sentensi hiyo huirudia kila siku ya kazi, mahakamani, benki, shuleni na hospitali, na haijawahi kumtoka bila kukunja uso.

Viziwi hupeana majina ya alama, na jina la mwanamke huyu ni kidole cha shahada kinachogusa shavu la kushoto, pale panapoingia kishimo akicheka. Kwa hiyo ni Kishimo, na simulizi hii itamwita hivyo, maana ndilo jina analoitikia haraka zaidi. Siku hizi kishimo chenyewe hakionekani sana.

Hana mwajiri. Ni mkalimani wa lugha ya alama wa kujitegemea: anayemhitaji humpigia, na wengi wanaomhitaji hawajui kama yupo. "Kati ya kazi kumi, saba nalipwa ahsante," anasema.

Msichana wa kliniki alimpata kupitia wifi yake. Wifi huyo aliandika kwenye simu, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba mke wa kaka yake ni kiziwi, ana mimba, na hospitali hawaelewani. Kilichokuja juu kabisa kilikuwa ukurasa wa Kishimo: mambo ya kufanya kabla ya kumpeleka kiziwi kliniki, maneno ya kumwambia karani, jinsi ya kumtumia mkalimani, na picha za alama chache ambazo muuguzi anaweza kujifunza akiwa anasubiri maji yachemke.

"Nilisoma mpaka mwisho," anasema wifi huyo, akiwasubiri nje ya geti. "Nikasema huyu amekaa kwenye benchi letu."

Ukimuuliza Kishimo kurasa hizo aliziandikaje, anajibu bila kufikiri. "Kwa hasira. Zote. Hakuna hata moja niliyoandika nikiwa nimetulia."

Hasira hiyo ina umri mrefu. Mama yake ni kiziwi tangu kuzaliwa, na Kishimo alianza kazi ya ukalimani kabla hajaota meno ya ukubwani. Alikalimani dukani, kwa mwenye nyumba, na hata siku mwalimu alipomwita mama kueleza utundu wake mwenyewe. Siku hiyo, anakiri, alipunguza makali.

Siku moja hakuweza kupunguza. Alikuwa darasa la tatu. Mama alilazwa na mimba iliyokuwa imekaribia kutimia, na daktari wa zamu alimwona mtoto mwenye sare amekaa pembeni ya kitanda, akaona kazi imekwisha rahisishwa.

"Akaniambia, mwambie mama yako mtoto amefia tumboni. Akasimama pale na kalamu yake, akisubiri nimwambie. Nikamwambia. Alama ya kufa ni ya mikono miwili, na mimi mikono yangu ilikuwa midogo. Mama akadhani nimekosea, akaniomba nirudie. Nikarudia."

Anasema tangu siku hiyo aliamua kwamba kazi hii itafanywa na watu wazima waliosomea, au yeye atakuwa mwiba kwenye koo la kila ofisi. Akasomea. Na mwiba akawa.

Lakini kujulikana kulimshinda. Alipotengeneza tovuti yake ya kwanza, aliweka picha yake akitabasamu na chini yake maneno ambayo kila mtu huweka: huduma bora, weledi, uaminifu. Alimwonyesha mama yake. Mama alivaa miwani, akaiangalia simu kwa utaratibu, kisha akasema kwa mikono: "Nzuri. Kama kadi ya harusi. Sasa nani amealikwa?"

Hakualikwa mtu. Tovuti ilikaa miezi bila mgeni. Ndipo jamaa mmoja aliyekuwa akifanya naye kazi mahakamani akamwelekeza kwa kijana mwenye ofisi ghorofani, juu ya duka la makava ya simu, ambaye kazi yake ilikuwa kupandisha tovuti za watu ili zionekane.

Kijana alikuja nyumbani kupiga picha. Alitabasamu alipokaribishwa, akatabasamu alipoelezwa habari za msiba wa jirani, akatabasamu alipoondoka. Mama alimpa jina la alama kabla hajafika barabarani: kidole kinachopita juu ya meno, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Meno.

"Anacheka na meno tu," mama alisema. "Macho yake yako kazini."

Kishimo alimwambia mama aache kusengenya wageni. Akampa Meno akiba yake, akampa na funguo zote za tovuti. Meno alisema itakuwa rahisi zaidi kama anwani yenyewe ya tovuti itahamia kwenye jina la ofisi yake, maana mambo ya kuhuisha kila mwaka yanasumbua. Alivyolieleza, lilionekana jambo dogo, kama kuachia jirani ufunguo wa geti.

Na kweli, baada ya muda simu zilianza kuita. Nyingine zilikuwa za kazi. Nyingine zilikuwa za ajabu: mtu anauliza chupa moja ni bei gani, mtu anauliza kama dozi inafaa kwa mtoto. Kishimo aliwajibu kwa upole kwamba wamekosea namba.

Hawakuwa wamekosea.

Katika mji huo yupo fundi seremala ambaye viziwi humwita kwa alama ya kuchomoa kitu nyuma ya sikio. Ni Penseli, kwa sababu penseli yake ya kuchorea mbao ilikuwa ikikaa pale kutwa nzima, hata akienda kuoga akaisahau. Anatengeneza milango na madawati, na wateja wake humsifu kwamba milango yake haikwaruzi sakafu.

Penseli hakuzaliwa kiziwi. Homa kali ya utotoni ilichukua karibu kila kitu, ikamwachia kipande kidogo cha usikivu upande wa kushoto. Kwa kipande hicho alisikia mashine ya kuranda ikinguruma, mlango ukibamizwa, na kitu kimoja zaidi: binti yake mdogo akicheka, endapo alikuwa amembeba begani upande huo huo, mdomo karibu na sikio.

"Maneno yake sikuyapata," Penseli anaeleza, huku Kishimo akimtolea sauti. "Nilipata kicheko tu. Akaanza kuongea, mke wangu akaniambia mtoto ana maneno ya kuchekesha, anaulizia hiki na kile. Mimi nikabaki na kicheko. Nikatamani na maneno."

Akatafuta kwenye simu. Akaandika: dawa ya kurudisha usikivu. Majibu yalikuwa mengi, na Penseli si mtu wa kudanganywa kirahisi, aliyapita yote. Mpaka alipoona uso anaoujua. Picha ya Kishimo, jina lake kamili, na maneno yaliyoandikwa kana kwamba yametoka mdomoni mwake: kwamba yeye, kama mkalimani aliyeishi na viziwi maisha yake yote, ameona wengi wakipona kwa matone haya.

Chini kulikuwa na maelekezo. Yalisema ukisikia moto sikioni usiogope, ujue dawa inafanya kazi.

Alisikia moto. Hakuogopa. Aliendelea kutia matone, akiuma kipande cha mbao ili asipige kelele na kumwamsha mtoto, mpaka asubuhi mke wake alipoona damu kwenye mto.

Kishimo aliitwa hospitali kama anavyoitwa siku zote: kuna kiziwi, njoo. Alipoingia chumba cha daktari wa masikio na kumwona Penseli amefungwa bandeji, alimsalimia. Penseli hakuitikia. Kishimo akadhani ni maumivu.

Mkalimani ana sheria moja isiyo na mlango wa nyuma. Anasema kila kinachosemwa, jinsi kilivyosemwa, na anaposema "mimi" si yeye, ni yule anayemsemea.

Daktari, mama mtu mzima asiye na haraka, aliinua kichupa kidogo cha plastiki ambacho mke wa Penseli alikuja nacho. "Hii umeipata wapi?"

Kishimo akaliweka swali mikononi. Penseli akajibu taratibu, akimtazama usoni.

Kishimo akafungua mdomo. "Nimeipata kwa huyu mkalimani," akasema. "Kwenye ukurasa wake."

Daktari akainua kichwa kutoka kwenye maandishi yake. "Mkalimani yupi?"

Mikono ya Penseli ilijibu kwa kidole kimoja.

"Huyu hapa," akasema Kishimo, akijinyooshea kidole mwenyewe.

Hakuna mwenzake wa kumwachia kazi aliyekuwa karibu. Akaimaliza. Alimwambia Penseli kwa mikono kwamba ngoma ya sikio imeliwa, na kwamba kipande kile cha usikivu kimekwenda. Penseli akauliza, na yeye akatoa sauti: "Hata kidogo hakitarudi?" Daktari akasema hata kidogo. Kishimo akaweka mikononi: hata kidogo.

Penseli akasimama, akachukua kofia yake, akatoka na mke wake. Hakuaga.

Kishimo alifungua tovuti yake akiwa amesimama ukutani koridoni. Ukurasa wa mbele ulikuwa ule ule, picha na tabasamu. Lakini aliposhuka chini kabisa, kwenye maandishi madogo ambayo hakuwahi kuyabonyeza, alikuta kurasa nyuma ya kurasa. Dawa ya uziwi. Dawa ya mtoto asiyeongea. Zote na uso wake. Zote na namba yake, na pembeni namba ya muuzaji asiyemjua.

"Sikulia," anasema. "Watu huniuliza kama nililia. Nilipanda zile ngazi za juu ya duka la makava nikiwa sioni vizuri, lakini si kwa machozi."

Meno alimkaribisha kiti. Kishimo akasimama. Akamweleza habari za Penseli, neno kwa neno, kama anavyokalimani. Meno alisikiliza, akatikisa kichwa kwa masikitiko, na mwisho wa masikitiko tabasamu likarudi mahali pake.

"Dada yangu, pole sana. Lakini tuelewane. Wewe ulikuja hapa ukasema unataka uonekane. Si unaonekana?"

Kisha akageuza skrini. Akamwonyesha maneno ambayo watu wa mji huo huandika wanapotafuta. "Ona. Mkalimani wa lugha ya alama, hakuna anayetafuta. Hakuna kabisa. Watu wanatafuta dawa. Mimi nimekuweka pale watu walipo."

"Toa kurasa hizo."

"Nafasi imeshauzwa kwa mwenye dawa mpaka mkataba uishe. Na anwani, ukumbuke, iko kwenye jina la ofisi."

Kishimo anasema hapo ndipo alipoelewa kwamba hakuibiwa tovuti. Aliibiwa imani ya viziwi, ambayo hakuwa ameitengeneza peke yake. Nusu yake aliirithi kwa mama.

Alikwenda polisi. Ofisa wa zamu aliuangalia ukurasa kwenye simu, akaangalia picha, akamwangalia yeye. "Sasa hapa mama, wewe ndiye unayelalamika au unayelalamikiwa?"

Alikwenda kwenye mkutano wa viziwi, ambao hufanyika kwenye ukumbi wa shule kila mwisho wa mwezi. Akapanda mbele aeleze. Penseli alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango. Kishimo alipoinua mikono, mzee mmoja wa mstari wa mbele alifumba macho. Kisha wa pili yake. Kisha mstari mzima.

Anayesikia anaweza kuziba masikio na bado akapata neno moja mawili. Kiziwi akifumba macho, wewe hupo. Kishimo alisimama pale, mikono hewani, mbele ya watu waliomlea, akiwa hana hata pa kuianzia sentensi.

Mama yake ndiye aliyenyanyuka. Alikwenda ukutani, akaanza kuwasha na kuzima taa, kuwasha na kuzima, bila kupumzika, mpaka mwanga ukapenya kope na wote wakafumbua kwa kero.

"Mmemaliza kulala?" akawauliza. "Mwanangu alimwamini mjinga mwenye meno. Nilimwambia, hakusikia, yeye ndiye asiyesikia humu ndani. Lakini semeni kama kuna siku alibadilisha neno lenu mbele ya hakimu. Semeni kama kuna siku alikataa kuja kwa sababu hamna nauli ya kumpa."

Baadhi wakacheka. Wengine waliendelea kumtazama Kishimo kama mtu aliyewauza. Penseli alikwisha kutoka.

Kilichofuata ni kipindi ambacho Kishimo hukizungumzia kwa haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba asiyoipenda. Alifungua tovuti mpya, kwa jina lake, funguo zake. Akaandika ukurasa wa kwanza: matone ya kutibu uziwi, usitie sikioni. Akatafuta kwenye simu, akateremka mpaka kidole kikachoka. Hakuwapo. Juu kabisa kulikuwa na uso wake kwenye tovuti ile ya zamani, ukitabasamu, ukiuza chupa.

"Hebu fikiria," anasema. "Nagombana na picha yangu mwenyewe. Na kila siku inayonishinda, kuna mtu anatia matone."

Neno moja la Meno lilikuwa limemkaa kama mfupa kooni: watu hawatafuti mkalimani. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba lilikuwa kweli. Watu hutafuta shida yao. Kama muuza matone ndiye pekee anayejibu shida hiyo, basi watakwenda kwa muuza matone.

Akaanza kukaa kwenye mabenchi ya kliniki hata siku ambazo hana kazi. Aliwauliza wazazi jambo moja tu: siku ya kwanza uliposhuku, uliandika maneno gani kwenye simu? Walishangaa, kisha walisema. Mtoto wangu hageuki nikimwita. Mtoto ana miaka miwili haongei. Mume wangu anasikia upande mmoja. Baba mmoja alisema kwa aibu kwamba aliandika: nimekosa nini.

Kila swali likawa ukurasa. Hakuweka hata sentensi ya kujisifu. Aliandika kama anavyoongea: mpeleke wapi, kipimo kinafanywaje, wakikuambia subiri atakua uulize nini, shule gani zinafundisha kwa alama, jinsi ya kumwita mtoto kwa kugonga meza ili ahisi mtikisiko. Kwenye ule wa baba mwenye aibu, aliandika kwamba hujakosa kitu, kisha akaeleza jinsi ya kumfundisha mtoto alama ya baba. Mambo ya tiba alimpelekea daktari wa masikio, yule yule wa siku ile, naye akayapitia na kufuta yasiyo na uhakika.

Mama alikuwa mhariri wa upande mwingine. Kila video ya alama ilipita kwake. "Hapa unaonekana kama unafukuza nzi," alisema mara moja, na video ikarudiwa.

Ilikwenda polepole mno. Lakini mtandao nao una namna yake: ukurasa unaosomwa mpaka mwisho, unaotumwa kwa shangazi na kwa mwalimu, unaotajwa na shule na zahanati kwenye tovuti zao, huanza kupanda. Mwalimu mmoja wa shule ya awali aliubandika kwenye kundi la wazazi. Zahanati ikaomba ruhusa ya kuchapisha na kubandika ukutani. Kishimo akawa anaonekana kwa wazazi wa watoto wadogo.

Ila kwa neno dawa, bado alikuwa chini. Na alijua kwa nini. Ukurasa wake ulisema matone ni hatari. Hata muuza matone husema matone ya wenzake ni hatari.

Alikuwa na ushahidi mmoja, na hakuwa na ruhusa ya kuutumia.

Penseli alikuja mwenyewe, asubuhi moja, bila kubisha hodi ya mlangoni. Alisimama dirishani mpaka mama akamwona. Penseli yake sasa ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Hakukubali chai.

"Umeandika habari zangu?" akauliza.

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Ni zako."

Penseli akasema jirani yake wa karakana, baba wa mtoto kiziwi, alimwonyesha kichupa jana, akifurahi, akimwomba ushauri aanze na sikio lipi. Alikuwa amekipata kwenye ukurasa wenye picha ya Kishimo.

"Bado ninakukasirikia," akasema Penseli. "Usidhani imekwisha. Lakini tengeneza picha ya video. Nitasema mwenyewe, na wewe utatoa sauti. Usilainishe."

Walirekodi kwenye karakana yake, mbele ya milango iliyoegemezwa ukutani. Penseli alieleza moto, damu kwenye mto, na kicheko cha mtoto. Kwenye kicheko aliinamisha kichwa upande wa kushoto, akampandisha begani mtoto ambaye hakuwapo, akangoja, kisha akafungua viganja vitupu. Sauti ya Kishimo katika video hiyo haitetemeki. Anasema ilimlazimu kusimama akiwa amekanyaga mguu wake mmoja kwa mwingine.

Hawakuipamba. Waliweka maneno ya daktari chini yake, picha ya kichupa, na maelezo ya nini cha kufanya kama umeshatia matone: usioshe kwa maji, usitie mafuta, nenda hospitali na chupa yenyewe.

Viziwi waliitumiana kwanza. Halafu wanaosikia. Halafu shule. Baada ya miezi kadhaa, mtu akiandika dawa ya kurudisha usikivu katika mji huo, anayekutana naye wa kwanza ni seremala mwenye viganja vitupu. Uso wa Kishimo unaouza chupa umeshuka, ingawa haujatoka. Mwenye dawa amebadilisha rangi ya kichupa na jina. Kishimo ameweka picha ya kichupa kipya pia.

Simu za kazi zimeongezeka, na sasa wengi wanampigia wakiwa wamekwisha soma, wanajua wamtazame nani wakati wa kuongea. Baadhi ya wale waliofumba macho wamerudi. Mzee wa mstari wa mbele alimpitia siku moja na barua ya benki, akamwekea mezani. Kishimo aliisoma na kumwekea mikononi. Wengine hawajarudi, naye hawalaumu.

Meno pia alipiga simu. Alimpongeza. Alisema ukurasa wa video unapata watu wengi, na yuko mteja wa vifaa vya masikio angependa nafasi pembeni yake. "Yaliyopita yamepita, dada. Tushirikiane."

"Nikamwambia hakuna shida," anasema Kishimo. "Njoo karakana, umwambie Penseli mwenyewe kwamba yamepita. Nitakukalimania bure."

Meno alikata simu.

Malalamiko yao dhidi ya Meno sasa yamesajiliwa mahakamani, Penseli kama mlalamikaji na Kishimo kama shahidi. Tarehe ilipangwa, ikaahirishwa kwa sababu hakukuwa na mkalimani. Karani wa mahakama alimwona Kishimo kwenye benchi, akafurahi, akamwambia mbona tatizo limejimaliza, si afanye yeye.

"Nikamwambia mimi ni shahidi. Akasema basi aje ndugu yeyote wa Penseli, hata mke. Nikamwambia ataletwa mtu aliyesomea, kwa gharama ya mahakama, au hatutaanza." Anasema hayo akiwa amekunja ngumi juu ya meza, mikono ambayo kwa kawaida haitulii.

Amempata mwenzake wa mji mwingine aliyekubali kuja, na mahakama, baada ya barua tatu, imekubali. Penseli amekwisha kutana naye na kumpa jina la alama. Baada ya shauri, Kishimo anataka kuandika ukurasa mwingine, utakaoeleza kiziwi afanye nini akitaka kushtaki: aanzie dirisha gani, adai nini, akatae nini. Ameanza kuuandika. Mwisho wake ameuacha wazi.

Anachokitaka kwa siku yenyewe ni kidogo, anasema, na anakisema polepole.

"Nitoe ushahidi wangu, halafu nikae chini, nikunje mikono. Penseli aseme. Mtu mwingine atoe sauti. Na yule kijana akae pale pale mbele yake, asiwe na skrini ya kugeuza, asikilize mpaka mwisho."